Kifua cha Nukta

Kaka yangu alikuwa mfupi hata mtaa mzima ukamwita Nukta, naye akaitika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkaguzi wa miti wa halmashauri. Kanuni ya huku kwetu pembezoni mwa mji inasema mti ukifikisha sentimita mia na hamsini kwa kuuzungushia futi usawa wa kifua, haukatwi bila kibali, hata ukiwa uani kwako. Nukta alipima, akaandika, kisha akaufunga kibao cha namba kwa waya. Msumari hakutaka hata kuusikia.

Hakujua kutulia. Tukiwa ibadani, upepo ukivuma, macho yake yalikuwa dirishani. Wifi yangu akamnong'oneza, "Baba watoto, Mungu akusubiri mpaka umalize kuhesabu matawi?"

"Yeye ndiye aliyeniajiri," akajibu.

Tulimzika siku kumi na mbili zilizopita. Jirani yetu anataka kuukata mkuyu wake ajenge vyumba vya kupangisha, na udongo wa kaburi haujakauka tayari alishapeleka malalamiko. Jana akaja mkaguzi mpya, mrefu kama ngongoti. Alizungusha futi usawa wa kifua chake: mia na arobaini na sita.

Jirani akapiga makofi. "Si nilisema! Marehemu alinionea."

Mkaguzi akafunua daftari la kaka. "Hapa kuna mia na hamsini na mbili. Dada, nasikia wewe ulikuwa ukimshikia futi. Alipimia wapi?"

Nikisema kweli, si mkuyu huu tu. Miti yote mia tatu aliyoiandikisha itaingia mashakani. Nikidanganya, nitasimamaje kusali?

"Kwenye kifua chake," nikasema. "Kilikuwa hapo, shina linapoanza kunenepa." Nikamwonyesha mkaguzi kifungo cha mwisho cha shati lake mwenyewe.

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Mkaguzi hakucheka. Alitoa karatasi ya kanuni, akaisoma mara mbili.

"Imeandikwa kifua. Haijasema cha nani."

"Cha mkaguzi! Na mkaguzi si wewe?"

"Wakati ule alikuwa yeye. Kesho akija mfupi mwingine, mti urudi kulindwa? Hapana, mzee. Shoka liweke ndani. Alhamisi madiwani waamue."

Tangu jana sijakalia kiti. Nafagia palipofagiwa, nafungua madirisha, nayafunga. Nimemwomba Mungu utulivu, bado hajanipa. Alhamisi watu wazima watazunguka meza wajadili kifua cha ndugu yangu, nami naandika barua kuomba dakika tano za kusema. Niko mstari wa pili. Nimeufuta mara nne.