Kijani Kila Asubuhi

Kile kidude kilikuwa cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni, na mimi ndiye niliyekibandika ukutani sebuleni kwa marehemu mama yangu, kijijini Kianjai. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Sitamsingizia mtu.

Nafundisha Ishiara, huko Mbeere, na mama alikuwa akiishi peke yake. Alikuwa ameanguka mara mbili akienda kukamua ng'ombe. Kuhamia kwangu alikataa katakata, eti joto la Mbeere litamkausha kama ngozi ya mbuzi. Basi nikanunua kidude. Kilihisi mtu akipita mbele yake, kikaniandikia kwa simu. Mama akitembea kama kawaida, naona kitone cha kijani. Akipunguza, manjano. Asipopita kabisa, nyekundu. Kamera hakikuwa nayo, wala sikio.

Hayo niliyasoma mimi kwenye karatasi yake. Mama sikumweleza, nilikuwa na haraka ya kurudi. Nilimwambia tu kwa Kimeru, "Mama, hiki kitakuwa kinanionyesha vile uko." Akakitazama, kisha akajitengeneza kitambaa cha kichwa vizuri. Nikacheka. Mjinga mimi, nikacheka!

Zamani nilikuwa nampigia kila Jumapili baada ya kanisa. Sasa nikaanza kuruka Jumapili moja, mbili, tatu, mwishowe nikaacha. Ya nini kupiga simu na kijani ninakiona? Nikawa naringia walimu wenzangu nacho: "Muone mama yangu, na uzee wote ule bado anachapa miguu kuliko nyinyi." Muhula mzima ulikuwa kijani.

Shule zilipofungwa nikaenda nyumbani na mkate wangu na sukari. Langoni nikakutana na jirani, mama wa kikundi cha kanisa, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Alikuwa ametoka kwa mama na karai la nguo. Hata salamu hakunipa.

"Ndio unakuja saa hii, mwalimu?"

"Shule zimefungwa jana."

"Shule." Akatua karai. "Mama yako wiki ya sita hii hajasimama kwa miguu yake. Sisi ndio tunaingia kwa zamu. Huyu anawasha moto, huyu anamwosha, huyu analeta uji. Kutwa tunapishana hapo sebuleni."

Kumbe kijani kile kilikuwa chao.

"Na mbona hakuna aliyenipigia?" nikafoka. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku hiyo zilimwangukia asiye na kosa.

"Alitukataza! Alisema tusimsumbue mtoto wake, eti wewe unamwona. Kila asubuhi tunambeba mpaka mbele ya kile kitu chako, anainua nguo, anakuonyesha mguu vile umefura. Halafu tunamrudisha kitandani. Daktari alisema apelekwe hospitali kubwa, akakataa. Alisema umeshaona, uko njiani, atakungoja wewe." Akainua karai lake. "Tulijua unaona na umenyamaza. Tumekusema vibaya, sitakuficha."

Nilitoa simu nikaitazama, sijui kwa nini. Ilikuwa kijani. Aki ya Mungu nilitamani kuitupa chooni.

Mama alikuwa amelala chumbani, mdogo chini ya blanketi lake. Mikono ilikuwa imebaki mifupa. Mguu ndio ulikuwa mkubwa, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Akafungua macho, akatabasamu, na tabasamu lile lilinimaliza kuliko mguu.

"Umekuja," akasema. "Nilijua utaona."

Ningeweza kumwambia ukweli. Kwamba hakuna nilichoona, kwamba wiki hizo zote alikuwa akiuonyesha ukuta. Lakini angejisikiaje, mama mzima, mtu wa heshima zake, aliyeinua nguo kila asubuhi mbele ya ukuta? Nikapiga magoti, nikaushika mguu wake kwa mikono yote miwili, nikamdanganya.

"Ndiyo, mama. Niliona."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama mtu anayetaka tu kujua.

"Sasa mbona hukukuja?"