Bendera Mbili Nyuma ya Gari

Mume wangu ni Mwislamu wa Kasese, msafirishaji wa samaki kutoka Kahendero, na ana ugonjwa wa stika. Kwenye kioo cha nyuma cha pikapu yake ya milango minne alibandika bendera ya Uganda, na chini yake maneno "Nchi Yangu, Fahari Yangu". Aliiosha kabla ya kuosha gari lenyewe. Nilimtania kwamba hata shavu langu hajawahi kulishika kwa upole namna ile.

Mama alitukimbilia kutoka upande wa Beni, Kongo, bunduki zilipofika shambani kwake. Alishinda barazani akiitazama milima ya Ruwenzori kama mtu anayejaribu kukumbuka ndoto. Kule kwetu jua huchomoza kwenye milima hiyo. Hapa Kasese huzama kwenye milima hiyohiyo. Jioni, ukungu ukianza kung'aa, mama aliamka usingizini akadhani kumekucha, akaomba chai ya asubuhi. Nami nilimpikia. Kwa kitambo kidogo, tukiwa na vikombe mikononi, sikuwa na uhakika niko nchi gani, na sikutaka kuulizwa.

"Juwa ya hapa inaingiaka kule ya kwetu inatokaka," alisema. "Mutu anaweza zoea vile?"

Kwetu mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukwepana. Mama hamtazami usoni, haketi karibu naye, na akiwa na neno hulipitisha kwa binti. Mama yangu hakumkwepa mume wangu hata kidogo. Alikaa naye kiti cha mbele, akamkazia macho, akamwita dereva. Mgeni angedhani wanapatana. Mimi nilijua kwamba hajamtambua, wala hajaitambua ndoa yetu, na iliniuma kila siku.

Mume wangu alidhani tatizo ni stika. Akaenda Bwera, karibu na mpaka, akarudi na bendera ya Kongo, akaibandika kando ya ile yake.

"Mama, sasa hata yenu iko."

"Dereva, bendera sikuikimbia," mama alimjibu. "Nilikimbia batu ya bunduki."

Wiki hiyohiyo akatangaza kwamba anarudi nyumbani. Nililia, nikamkumbusha ya shambani. Alifunga kitenge chake, akaingia kiti cha mbele. Tukaondoka kuelekea mpakani, mimi nyuma, vilima vikielea kwenye ukungu wa asubuhi. Niliomba barabara iwe ndefu.

Karibu na Kinyamaseke askari alitusimamisha. Akazunguka nyuma ya gari, akakaa huko kidogo.

"Wewe, shuka. Hii gari ni ya nchi gani?"

"Ya Uganda, afande."

"Basi bendera moja itoke. Sasa hivi."

Mume wangu alipanda nyuma ya pikapu, akachuchumaa. Niligeuka nikamwona kupitia kioo cha nyuma, akikwangua kwa ukucha, taratibu, na nikaona ni ipi. Alikuwa anaibandua ya Uganda.

Askari naye aliona. "Unatoa ya kwenu?"

"Ile ingine ni ya mama ya bibi yangu, afande. Mimi siwezi kuitoa."

Mama alikuwa amesikia yote. Alifungua mlango, akashuka, akasimama barabarani.

"Afande, umuache," alisema. "Ule ni mukwe yangu."

Askari alimtazama, akatazama ile bendera iliyoning'inia nusu, akacheka kidogo, akatupungia mkono tupite.

Mume wangu alirudi kwenye usukani. Mama hakurudi mbele. Aliingia nyuma, akanisukuma nisogee, akajivuta hadi dirishani na kujifunika kitenge mpaka puani. Mume wangu alishika ufunguo, hakuwasha.

"Umwambie mukwe yangu ageuze gari," mama aliniambia.

Mama alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa bega, na kila neno mume wangu alilisikia. Lakini alitazama mbele, akangoja nimfikishie.

Nilimfikishia, huku nikilia.