Kivumbasi Ndani ya Chungu cha Tulasi

Kwetu kivumbasi hakipandwi. Kinajiotea chenyewe, jalalani na makaburini, na ukikichuma unajua unakipeleka wapi: kwenye maji ya kuoshea maiti, au chini ya mto wa mtu aliyepandwa na pepo. Nyanya yangu alisema mwenye akili zake haweki kivumbasi nyumbani, labda awe anangoja msiba. Shule niliishia darasa la tatu, lakini hilo sikuhitaji kufundishwa.

Basi nilipopanga chumba cha mbele katika nyumba ya ajuza mmoja wa Kihindu, Kariakoo, nikachungulia uani na kukiona kwenye chungu, juu ya nguzo ya saruji, kimewashiwa na taa, nilitaka kurudisha ufunguo. Lakini ilikuwa enzi ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mtu anatafuta fremu ya duka, nami nilitoka kuuza mitumba chini kwenye turubai pale Mchikichini, jua langu, mvua yangu. Nikakaa. Ila uani sikupageuzia mgongo.

"Hii ni tulasi," aliniambia ajuza. Mtaa mzima tulimwita Ba, yaani bibi, kama wajukuu zake. "Mama wa nyumba. Ikinyauka, nyumba imekwisha, nami nitauza niwafuate wanangu ng'ambo."

"Kwetu inafukuza mashetani, Ba."

"Mbona wewe bado upo?"

Akacheka peke yake.

Maneno hayo ya kunyauka mtaa wote uliyajua, na jirani yetu muuza redio za Dubai aliyajua kuliko wote. Alitaka kiwanja ajenge ghorofa. Akaanza kuja kila asubuhi, shikamoo Ba, na vileja mkononi, halafu anapita uani eti kunawa. Mtu ana bomba dukani kwake.

Majani yakaanza kupukutika. Nikachota udongo wa chungu, nikauonja. Chumvi.

"Unakula udongo, mama mkubwa?" Muuza redio alikuwa nyuma yangu. "Au una mimba?"

"Nina ulimi," nikamwambia.

"Ruksa, mama. Siku hizi kila kitu ruksa."

Sikumshtaki. Nani angemwamini muuza mitumba dhidi ya mwenye duka la redio? Tulasi ikifa, fremu yangu imekufa nayo. Asubuhi moja Ba alipokwenda hekaluni, nilishuka bondeni kwa mto Msimbazi, nikapiga bismillahi, nikang'oa kivumbasi na mizizi yake. Nikarudi, nikamwaga udongo wa chumvi, nikatia mwingine, nikakipanda. Majani yanafanana kwa mtu asiyetazama sana, na Ba alikuwa na mtoto wa jicho.

Kesho yake akamwagilia, akasita. Akachuma jani, akalinusa.

"Mama, tulasi yangu leo inanuka mto."

"Mvua zimeanza, Ba."

"Mvua," akasema, akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani.

Muuza redio akaingia na vileja vyake. Ba akamwambia, "Tazama, imechipua. Siuzi."

Jamaa akasogea, akanyoosha mkono kugusa, akaurudisha upesi. Alikuwa mtu wa Kusini, kivumbasi amekijua tangu utotoni, na anajua kinaota wapi. Akanitazama mimi. Nami nikamtazama. Angesema nini? Kwamba hii siyo tulasi, kwa sababu ile aliiua mwenyewe?

"Imependeza," akasema. Uani hakuingia tena, na vileja vikakoma.

Alipotoka, Ba akanipa kikopo chake cha shaba cha kumwagilia.

"Kuanzia kesho mwagilia wewe."

"Mimi? Mimi si wa dini yenu, Ba."

"Na huyu je?" Akanyooshea chungu kidole. "Mgeni anapewa maji na aliyemleta."

Nikakipokea kikopo. Hakuniuliza zaidi, si siku hiyo wala baadaye, na mpaka leo sijui alijua tangu lini. Nilikimwagilia kila asubuhi kabla ya kufungua fremu, uso nimegeuzia pembeni.