Diski Moja ya Mahari ya Dada

Nilipokuwa kidato cha tatu, likizo zangu zote ziliishia nyuma ya pazia. Baba mdogo alipata fedha kidogo kwa kuwakusanyia pamba wanunuzi binafsi, wale walioanza kuja na malori yao. Akanunua kamera ya kanda na kompyuta iliyotumika, akapanga chumba karibu na stendi ya Bariadi. Mbele alikodisha filamu. Nyuma ya pazia mimi nilizinakili kwenye diski. Nilikuwa na aibu sana. Mteja akinisalimia "mwadila" nilijibu huku nikiangalia ukuta. Kwa hiyo pazia lilinifaa, ingawa mle ndani hamkuwa na dirisha na feni ilikuwa inazungusha joto lilelile.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchagua namba moja tu. Inaitwa bitireti, kiasi cha picha unachoruhusu kipite kila sekunde. Ukiiweka kubwa, picha inakuwa safi lakini diski inajaa filamu ikiwa katikati, na deki za bei rahisi zinakwama. Ukiiweka ndogo, filamu yote inaingia, ila chochote kinachokimbia kinageuka vigae vya mraba.

Mwaka huo dada yangu akaletewa mahari. Mwoaji alikuwa mfugaji wa Lalago, mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye dada alimwona mara moja tu. Baba mdogo alirekodi siku nzima. Baba akataka yote iingie kwenye diski moja, wakwe waje kuiangalia kwetu kabla ya harusi, na kila ng'ombe aonekane rangi yake, asije mtu baadaye akabisha.

"Kwa nini tusichome mbili?" nilimuuliza baba mdogo.

"Ukichoma mbili moja inapotea, na itakayopotea ni ya ng'ombe. Punguza mambo. Hapa kata." Akaweka kidole kwenye kioo. "Watu wamekaa tu, hakuna kitu."

Pale ndipo shangazi alipomuuliza dada, ndani ya nyumba, mbele ya wanawake, kama amemkubali yule mtu. Dada alikaa mkekani ameinamisha kichwa, akanyamaza. Akanyamaza mpaka shangazi akakohoa, akauliza tena. Mwishowe akasema ndiyo, kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba maji. Baba hakuyaona hayo. Saa hiyo alikuwa zizini na wakwe, wanahesabu upya.

Mchana dada aliniletea chakula, akaingia mpaka nyuma ya pazia, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mmeshakata?"

"Baba mdogo amesema nikate pale ulipo..."

"Pale usikate, mayu, mdogo wangu. Kateni ngoma, kateni wali, mimi sitauliza." Alikuwa anafunua bakuli na kulifunika tena. "Baba nikimwambia kwa mdomo kwamba sitaki, anasema wasichana wote husema hivyo. Ng'ombe bado wako zizini kwetu, wanaweza kurudi. Akiona mwenyewe, labda."

Akaondoka. Ugali ukapoa. Kumpinga baba mdogo sikuweza, na kumkatalia dada sikuweza, na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, na baba mdogo alikuwa amekaa hapo anapiga soga na wateja.

Nikajaribu kitu. Kulikuwa na namna ya kuiachia kompyuta ipitie filamu yote kwanza, halafu igawe yenyewe: penye fujo iongeze, penye utulivu ipunguze. Nikachoma diski moja pale pamekatwa, nyingine pameachwa. Ng'ombe walitoka sawasawa, vumbi na mikia yote. Mtu aliyekaa kimya hali nafasi. Kompyuta inampa kidogo sana, na kinamtosha.

Nilimwonyesha baba mdogo zote mbili.

"Haya, paache," alisema. "Ila mkwe akiona ng'ombe wana pembe za mraba, utawachunga wewe."

Wakwe walikuja Jumapili baada ya ibada. Sebule ilijaa, dada akakaa mlangoni na birika la chai, mimi nikapewa rimoti. Ng'ombe walipoingia baba alisogeza kiti. Akawa anataja rangi kwa sauti, mmoja mmoja, na wakwe wanaitikia, na mshenga akasema yule mwenye madoa kanona kuliko bwana harusi. Walicheka sana. Bwana harusi naye alicheka.

Kisha likaja lile la mkekani.

"Imeganda," alisema mshenga.

"Mambo ya kuachia watoto wa shule," alisema mwingine. Baba mdogo akainuka, akaipiga deki kofi ubavuni.

"Haijaganda," nilisema.

Watu wote wakanigeukia. Nilitamani pazia langu. "Ndivyo alivyokaa," nikasema.

Kwenye kioo, kidole cha dada kilikuwa kinanyoosha ukingo wa mkeka. Wakaona kweli inatembea. Baba aliangalia, mikono magotini, mpaka shangazi akakohoa, mpaka ile ndiyo ndogo ikatoka. Dada hakuangalia kioo hata mara moja. Alikuwa anamwangalia baba.

Baba akasafisha koo. "Rudisha kwenye ng'ombe," akasema.

Nikabonyeza. Wakapita tena, mwekundu, mweusi, yule wa madoa, na wakwe wakangoja awataje. Safari hii baba hakutaja rangi hata moja. Dada akaanza kukusanya vikombe, vingine vikiwa na chai bado.

Harusi haikuahirishwa. Diski aliondoka nayo dada, ndani ya sanduku, katikati ya khanga.