Maji Niliyomwaga Juu ya Mafuta

Mimi ni Nsimire, mnaniita Maman Neema. Wengi wenu mmenunua nyanya kwangu katika soko la Kadutu. Mmeona shingo yangu, mkageuza macho kwa heshima. Leo nawaomba mniangalie. Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu huenda nyumbani kwako pia kuna karai la mafuta, na maji yako karibu.

Kabla ya ule moto nilikuwa mtu wa kelele. Sokoni walinisikia kabla hawajaniona. Mume wangu ni fundi wa kujenga. Kila Jumatatu anashuka Kamanyola kwenye kazi zake, na Ijumaa anarudi. Tulikuwa na mtoto mmoja, Neema, wa miaka minne. Na tulikuwa na Faida, mdogo wangu, wa tumbo moja na mimi. Mama alimleta mwenyewe kutoka Mudaka, akaniambia, "Huyu haiko mutu wa jembe. Umutafutie kazi ya mikono." Nikamwandikisha kwenye masomo ya ushonaji. Faida alikuwa mrefu, mwembamba, akianza kucheka anakaa chini. Nguo zote za Neema alizishona yeye, kwa vipande vilivyobaki darasani.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, kama nyingi za upande ule wa mlima. Jiko lilikuwa kibanda kilichoegemea ukuta. Kutoka jikoni uliingia moja kwa moja chumbani kwa Faida na Neema, na pale katikati palikuwa na pazia tu.

Siku yenyewe ilikuwa ya furaha. Ilikuwa Jumamosi mchana. Asubuhi Faida alikuwa amepokea brevet yake, cheti cha ushonaji, na mimi nilisema tutakaanga samaki na viazi, majirani waje wale pamoja nasi. Mume wangu alikuwa ameshuka mjini kununua vinywaji. Neema alikuwa ananizunguka miguuni, karibu na babula, jiko letu la mkaa, iliyojaa makala ya moto. Nikaita kupitia dirisha la nyuma, "Maman Zawadi! Nisaidie na huyu mutoto, ataungua hapa!" Maman Zawadi ndiye jirani yangu, anauza makala, na mlango wake uko nyuma ya jiko letu. Akaja, akamchukua mtoto, akaenda kumpa muhindi wa kuchoma. Faida hakuona. Alikuwa bombani, anachota maji.

Mvua ikaanza. Niliacha karai motoni nikakimbia kuanua nguo. Sikukaa sana. Niliporudi, mafuta yalikuwa yanawaka. Moto wenyewe haukuwa mkubwa. Ningefunika karai kwa sinia, ungekufa palepale. Lakini sikujua. Nilichukua beseni la maji lililokuwa na viazi nilivyomenya, nikamwaga yote.

Mafuta yaliruka mpaka kwenye mabati, yakanirudia shingoni, kifuani na kwenye mkono wa kuume. Pazia na mbao za ukuta zikashika moto. Blauzi yangu ya nailoni iliyeyuka ikashikamana na ngozi. Kwanza sikusikia maumivu. Nilisikia harufu, nikajiuliza nani anaunguza nyama.

Faida alifika na bidoni yake ya maji. Akaitupa, akanishika kiunoni, akanivuta mpaka nje kwenye matope. Akanifunika na kitenge chake kilicholowa mvua. Kisha akaangalia huku na huku.

"Dada, Neema iko wapi?"

Nikafungua mdomo. Moshi ulikuwa umenifunga koo. Nilitaka kusema, "Iko kwa Maman Zawadi." Nikakohoa tu. Basi nikanyoosha mkono kuonyesha mlango wa jirani. Lakini nimewaambia mlango ule uko wapi. Uko nyuma ya jiko letu. Faida aliona ninaonyesha moto.

Akaingia.

Vijana wa mtaa walivunja ukuta kwa shoka, wakamtoa. Alikuwa ameshika blanketi la Neema. Ndani yake hapakuwa na mtoto.

Gari haliwezi kufika kwetu. Walitubeba mgongoni mpaka barabarani. Njiani kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alinipaka dawa ya meno, mwingine akanivunjia yai kifuani. Walifanya kwa upendo. Kule lopitali daktari alipoona, alitikisa kichwa.

"Maman, hivi vitu vinafungia joto mu ngozi. Lazima tutoshe vyote. Itauma."

Sitaki kuwatisha, lakini sitasema uongo pia. Iliuma kuliko moto. Ngozi ilitoka pamoja na dawa ya meno, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Siku tatu sikuona, macho yalikuwa yamevimba yakafunga. Nilinuka. Kila walipobadilisha bandeji nililia mpaka sauti ikakauka, na infirmière, muuguzi aliyekuwa ananihudumia, mama mmoja mnene mwenye mikono miepesi, alikuwa ananiambia, "Lia, maman. Hapa hakuna haya."

Faida alikuwa chumba cha pili. Katikati yetu ulikuwa ukuta wa triplex tu, mbao nyembamba. Nilimsikia. Mwanzoni alikuwa anazungumza sana, anauliza habari za kila mtu. Ukimsikia, ungesema mimi ndiye mgonjwa zaidi. Sikujua kwamba watu walioungua sana wakati mwingine huzungumza hivyo, kwa kuwa moto umekula hata mahali pa kusikia maumivu.

Siku ya sita niliomba wanipeleke kwake. Walinisukuma kwenye kiti mpaka kitandani pake. Uso wake ulikuwa mzima, na hilo ndilo lililonidanganya. Bandeji zilianzia kwenye mabega kwenda chini.

Akaniangalia, akajaribu kucheka. "Dada, uko mubaya!"

Nikamwambia nilichokuja kusema. "Faida, mutoto alikuwa kwa Maman Zawadi. Mimi mwenyewe nilimutuma kule. Nilijua. Sauti ndio haikutoka."

Akasema, "Wewe ulijua. Mimi sikujua. Kama angekuwa mule ndani, na mimi nimebaki inje, leo tungeangaliana namna gani?"

Nikaangalia bandeji zake.

"Basi uache," akasema. "Niko na kiu."

Infirmière alimpa maji kwa kijiko. Niliomba nimpe mimi, kwa mkono wa kushoto, lakini kijiko kiliinama, maji yakammwagikia shingoni. Alisema yanamfurahisha, ni ya baridi.

Siku ya tisa sikumsikia tena. Nikamuuliza mume wangu. Akasema, "Analala. Bamemupa dawa ya kulala." Kesho yake akasema vilevile. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Siku zikapita. Halafu mama alifika kutoka Mudaka. Mume wangu akamwita pembeni, nikawasikia mlangoni.

"Mama, munganga wa lopitali alisema tungojee apate nguvu."

"Nimuzae mimi, nimuzike mimi, halafu nimufiche ndugu yake?"

Akaja akakaa kitandani. Hakuwa na mahali pa kunishika, kila pahali palikuwa na bandeji. Akanishika mguu. Akasema, "Mwana wani," yaani mwanangu, kwa Kishi chetu, "Faida tulishamulaza. Yuko karibu na baba yenu."

Wiki ile sikutaka kula. Walinikata ngozi ya paja wakaibandika shingoni na mkononi, nikasema waache tu, ya nini. Mama akakaa na bakuli la supu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Hakunibembeleza. Alisema, "Niko na batoto wawili. Mumoja ameenda. Fungua kinywa." Nikafungua.

Nilikaa lopitali karibu miezi mitatu. Mnaweza kufikiri kurudi nyumbani ndiyo mwisho wa ugonjwa. Kwangu ulikuwa mwanzo wa mwingine. Shingo ilikuwa imenivuta kichwa kuelekea bega. Vidole vya kuume vilikuwa vimekunjwa, haviwezi hata kushika kijiko. Usiku nilijikuna mpaka damu. Mume wangu, aliyekuwa amejenga upya upande ulioungua, alikuwa ameondoa kioo ukutani, nikajiona kwenye simu iliyozimika. Na Neema aliponiona, alipiga kelele akajificha nyuma ya bibi yake. Alisema, "Huyu haiko maman." Kwa majuma mengi alilala na bibi, na mimi nilimsikia akipumua upande wa pili wa chumba.

Halafu yakaanza maneno. Huko nje walikuwa wakisema moto ule haukuwa wa kawaida, kuna mtu aliutuma. Na mtu huyo walishamjua. Maman Zawadi! Alijuaje kumchukua mtoto kabla ya moto? Mwombezi mmoja alikuja mpaka kitandani pangu, akanishika kichwa, akaniambia adui yangu anakaa karibu, anakula na mimi. Watu wakaacha kununua makala kwa Maman Zawadi. Siku moja wakatupa mawe kwenye mabati yake.

Na mimi? Hapa ndipo ninapoona haya kuliko kwenye makovu. Nilinyamaza. Nilijua nani alimwita Maman Zawadi kupitia dirisha. Nilijua nani alimwaga maji. Lakini nilisikia kitu kama pumziko, watu kulaumu mwingine. Majuma mawili nilinyamaza, na Maman Zawadi alikuwa bado ananiletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila Jumatano, anaiacha mlangoni bila kubisha.

Mama ndiye aliyeona. Alikuwa ananichambulisha maharage, punje moja moja, ili vidole vijinyooshe. Akaniuliza bila kuinua macho, "Nsimire, nani alituma ule moto?"

"Sijui, mama."

"Unajua. Ni mafuta na mayi. Maman Zawadi, bibi wa watu, ataaribika bure."

Jumapili iliyofuata majirani walikusanyika kwetu kusali, kama desturi ya shirika letu, jumuiya ndogo ya kanisa. Walipomaliza nikaomba kusimama. Sauti yangu ilikuwa bado ya kukwaruza. Nikasema, "Maman Zawadi hakutuma moto. Mimi nilimwita amutoshe mutoto jikoni. Mimi niliacha karai. Mimi nilimwanga mayi kwa mafuta. Faida aliingia ju ya mukono wangu. Kama munatafuta mukosaji, niko hapa."

Watu wakageuka kuangalia mlangoni. Maman Zawadi alikuwa amekaa karibu na mlango, kama mtu aliye tayari kutoka. Akasimama, nikafikiri anaondoka. Akaja mbele, akanikalisha, akanifunga vizuri kitambaa kilichokuwa kinaanguka shingoni. Makala yake yalinunuliwa tena, polepole. Kuna wawili watatu ambao hadi leo hawamsalimu, na hilo ni juu yangu.

Tangu siku ile nilianza kupona. Sisemi maumivu yaliisha. Nasema nilianza kuusaidia mwili wangu. Daktari wa mazoezi aliniambia niinue mkono ukutani kila asubuhi, niweke alama ya makala mahali ulipofika. Nililia nikiinua. Mume wangu alikuwa anaangalia alama kila Ijumaa akirudi, anasema, "Umepanda kidole kimoja." Jikoni sikuingia kwa mwaka mzima. Harufu ya mafuta ya moto ilikuwa inanitapisha. Mume wangu alipika, mbele ya watu wote, na waliomcheka aliwapa kisu wamenye vitunguu.

Neema alirudi kwangu kidogo kidogo. Siku moja nilikuwa ninapaka mafuta ya mgando kwenye kovu, akaja akasimama mbali.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Ni hapa?" Akagusa kwa ncha ya kidole, akakiondoa haraka, akakiangalia. Kilikuwa hakijabadilika. Akagusa tena. Jioni ile alilala kwangu, upande wa mkono mzima.

Sasa nimerudi sokoni. Kichwa hakijanyooka kabisa, lakini naona mbele. Vidole vitatu vinafanya kazi, viwili vinasindikiza. Kelele zangu hazikurudi. Namshukuru Mungu. Nawashukuru waliotubeba mgongoni, nawashukuru wauguzi, mume wangu, na Maman Zawadi aliyekubali kukaa karibu na mimi. Mama alikwisha kurudi Mudaka. Anapanda maharage yake, na kila mavuno anatuletea.

Na ninyi sikieni, kwa ajili ya watoto wenu. Mafuta yakiwaka, usimwage maji. Funika kwa sinia au kifuniko, usilibebe karai likiwaka, na kama huwezi kufunika, kimbia. Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa muda mrefu, si dawa ya meno, si yai, kisha mmpeleke lopitali. Kabla ya kuwasha babula, ambianeni kila mtoto yuko wapi. Na mkipatwa na msiba, msitafute mchawi. Mtampata, naye atakuwa jirani yenu.

Jumamosi ninakwenda lopitali kukaa na walioungua wakati wa kubadilisha bandeji. Juzi palikuwa na msichana mmoja, mchanga, ameungua na petroli. Aliniangalia shingo muda mrefu.

"Maman, hii itaisha siku gani?"

Nilimwambia ukweli. "Ya ngozi itaisha. Ile ingine utaishi nayo."

"Na wewe, ulishaizoea?"

"Bado. Lakini ninakula. Ninalala. Mara moja moja ninacheka."

Infirmière alikuwa ameshafika na mkasi. Msichana akafumba macho, akanyoosha mkono wake kunitafuta. Nikampa wangu wa kuume, ule uliokunjwa. Akaushika hivyohivyo ulivyo, kwa nguvu, mpaka walipomaliza.