Kisu Kilichoshindwa na Nduma

Juzi nilikuwa katikati ya mji nikitafuta viatu, nikajikuta nimeingia kwenye ukumbi wenye maonyesho ya mafundi. Sikuwa na haja ya kisu, niamini. Lakini kwenye meza ya mwisho palikuwa na visu vya jikoni vimepangwa juu ya kitambaa cheusi, na vyote, vikubwa kwa vidogo, vilikuwa na ncha nene ya mviringo. Ncha ile naijua, rafiki yangu. Ilitokana na kosa langu, na nyumbani kwangu hakuna anayejua, kwa hivyo acha nikuambie wewe.

Nililelewa na nyanya kule Mutuini, enzi ambazo shamba lilikuwa shamba: nduma kando ya kijito, ng'ombe wawili, majani ya nepia marefu kunishinda. Kila nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kumenya nduma zilizochemshwa, zikiwa bado zinafuka, vidole vinaungua huku redio ya jirani inapiga kelele ng'ambo ya ua. Nyanya alikuwa mkali kwa mambo mawili tu: sala na kisu chake. "Kisu hakikopeshwi," alizoea kusema. "Kwani wewe huazima watu meno?"

Kisu hicho alitengenezewa na Fundi, pale mtaa wa Satellite. Wengi walimwita Kalasinga kwa sababu ya kilemba chake, lakini nyanya alimwita Fundi, na alivyolitamka ungedhani anamtaja askofu. Hakuwa na visu vya kuchagua mezani. Ukienda kwake alikupa kwanza donge la unga uliokandwa, akakuambia, "Finya kama unakata." Unafinya, na alama za vidole vyako ndizo anazofuata kuchonga mpini wa mzeituni. Kisha anauliza, "Unakata nini sana?" Hapo ndipo anapochukua kipande cha springi ya lori na kukitia motoni. Nyanya alijibu kwamba anataka cha kutoa macho ya viazi, basi chake kikatoka na ncha nyembamba kama sindano. Watu walitoka mbali, hata Uthiru, kuja kukitazama.

Sasa sikia nilichofanya. Kabatini kulikuwa na mkebe wa buluu wa maziwa matamu, umewekewa mchungaji wa kanisa. Jumamosi moja nyanya akaenda mkutano wa kina mama, tamaa ikanipanda. Nikachomeka ncha ya kisu kwenye kifuniko, nikazungusha. Tak! Ncha ikabaki ndani ya bati. Unadhani niliacha? Nikayanywa maziwa yote, aki, mpaka tone la mwisho, kisha nikatupa mkebe chooni.

Nyanya aliporudi nikamwambia kisu kimevunjika nikikata nduma. "Nduma mbichi?" akauliza. "Iliyoiva," nikasema. Ona ujinga huo! Hata kusingizia mfupa sikukumbuka. Lakini sikuwa nimewahi kumdanganya, kwa hivyo aliniamini, na kesho yake kanisani akawaeleza wenzake kwa masikitiko.

Wacha wee! Kufikia Jumatano Mutuini nzima ilikuwa inacheka. Kisu cha Fundi kimeshindwa na nduma! Mwenye bucha alilisema, mwalimu wetu alilisema darasani. Kina mama wa kanisa walikuwa wameshakubaliana kwamba Fundi awatengenezee visu vya kupikia harusi, kila mmoja na mpini wa mkono wake. Wakaghairi. Mtu aliyejenga jina kwa miaka yote hiyo, jina lake likawa la kuchekesha watu, na aliyelichafua ni mimi.

Nyanya akanichukua tukamrudishie kisu. Fundi alivaa miwani, akapatazama palipokatika kwa muda mrefu, akakwangua kitu kwa ukucha. Nilikiona: rangi ya buluu. Kisha akanigeukia. "Leta mkono." Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akatazama vidole kimoja kimoja. Nilijua anatafuta ushahidi wa kunikamata nao. Lakini aliiachilia, akamwambia nyanya, "Mama, kosa ni yangu. Nilichoma hiyo chuma sana. Nitakutengenezea ingine."

Nikanyamaza, na kisu kipya kilipokuja kilikuwa na ncha nene ya mviringo. Utasema nilikuwa mtoto, na ni kweli, nilikuwa na miaka tisa. Lakini baadaye nikawa na kumi na tano, nikawa na ishirini, na kila nilipopita Satellite nilivuka barabara nisikutane naye. Naona haya hata kuandika. Nyanya alifariki akiamini habari ya nduma.

Basi pale ukumbini nikamuuliza mwenye meza, mwanamke wa makamo mwenye aproni ya ngozi, kwa nini visu vyake viko hivyo. Akafurahi kuulizwa. Akasema alifunzwa na mzee mmoja wa Satellite, marehemu sasa, palipokuwa karakana yake pamejengwa ploti ya kupangisha, na mafundi wengi wa visu hapa Nairobi wameifuata ncha hiyo. "Sisi tunaiita ncha ya mtoto," akasema. "Mzee alisema kuna katoto kalifungua mkebe na kisu yake, ikavunjika. Hakulala vizuri siku nyingi. Alikuwa anasema, je, kangejikata vidole? Tangu hiyo siku hakutengeneza ncha kali tena."

Kumbe mikono yangu aliigeuza akitafuta kidonda.

Nikaokota kisu kimoja, nikaipapasa ncha yake kwa kidole gumba. Mwanamke alidhani nataka kununua. Akatoa donge la unga kwenye kopo, akaniwekea kiganjani. "Finya kama unakata," akasema, na mimi nikafinya. "Unakata nini sana?"

Nikasema, "Haikuwa nduma. Ulikuwa mkebe wa maziwa. Yule mtoto ni mimi."

Alinitazama. Nilingoja anitukane, na haki ya Mungu ningeshukuru. Badala yake akautoa ule unga mkononi mwangu, akaugeuza mkono, akatazama vidole kimoja kimoja.

"Kwani hukuumia?" akauliza.

Nikamwambia hapana, sikuumia, na nikashindwa kumtazama usoni.