Injinia wa Sumaku kwa Saa Moja

Kampuni yetu ilikuwa inaokoa dunia kutoka ghorofa ya ishirini na mbili, mtaa wa JLT, Dubai. Inanunua mitambo ya upepo iliyozeeka huko Ulaya, inang'oa sumaku zilizomo ndani, madini adimu yanatumika upya. Ndivyo kipeperushi kilivyosema. Mimi, kwa miaka mitatu niliyowapikia chai, sikuona hata skrubu ya huo mtambo. Tulikuwa na sumaku mbili tu kwenye kabati la kioo, kila moja ukubwa wa kipande cha sabuni, katikati yake kibao cha mbao.

Viza yangu iliandikwa mpika chai, na mpika chai haleti mke. Injinia analeta. Wangu alikuwa Morogoro, na kila simu aliimaliza kwa swali lilelile: lini?

Siku wanakuja wageni wenye mitaji, madam, msimamizi wa ofisi, alitaka ofisi ing'ae. Kwetu mgeni akija hata mawe ya uani yanasuguliwa. Nikakiona kile kibao, kimechakaa, kina madoa, aibu tupu. Nikakichomoa nikakioshe. Sumaku zikarukiana, nusura zinikate kidole.

Sir, mwenye kampuni, akazivuta, wapi. Akaitwa askari wa mlangoni, Mkenya mwenye mwili wa kubeba friji peke yake. "Hii imekataa kabisa, boss," akasema, jasho linamtoka. Kampuni ya kung'oa sumaku imeshindwa na sumaku mbili, na wageni wako kwenye lifti.

Kabla ya Dubai nilikuwa fundi spika, na spika ina sumaku. Hazivutwi zile, zinasukumwa ubavuni. Nikaziweka kwenye ukingo wa meza, moja juu, nyingine imetokeza nje, nikaiegemea hiyo ya nje kwa uzito wangu wote, zikaachana, nikachomeka kibao. Kumbe wageni wameshaingia. Wakapiga makofi.

"Huyu ndiye injinia wetu wa sumaku," sir akasema, bila hata kupepesa macho.

Basi kwa saa nzima nikaketi na wakubwa, najibu maswali kuhusu mitambo nisiyowahi kuiona. Chai alimimina madam mwenyewe, na ilikuwa mbaya kweli.

Jioni nikampigia mke wangu. Nilikuwa na furaha, sikujizuia. Nikamwambia jiandae, wameniita injinia mbele za watu. Kwamba ulikuwa uinjinia wa saa moja, hilo sikulisema.

Kesho yake nikamwomba sir aliandike lile neno kwenye viza, maana ilikuwa inafanywa upya mwezi huo. "Inshallah," akajibu. Miaka mitatu naisikia inshallah ya ofisi ile, naijua fika, na bado nikatoka pale nachekelea.

Viza ikarudi: mpika chai. Nikampigia mke wangu huku namlaani sir kimoyomoyo. Akaniwahi yeye, anacheka. Cherehani iliyokuwa inamlisha ameshaiuza, amenunua sanduku la magurudumu la safari.